Kifungu cha 246: Somo la Kalenga kwa Wanaosaini Mikataba ya TEHAMA

Msomi wa Kitanzania anapotaka kuonya kuhusu mikataba, aghalabu humkimbilia Chifu Mangungo wa Msovero, aliyetia alama kwenye karatasi ya Carl Peters mwaka 1884. Mfano huo nimeuchoka kwa sababu unatufariji. Mangungo hakujua Kijerumani, sisi tumesoma. Basi tunadhani tumesalimika. Leo nawaomba wasomaji wangu twende Kalenga, jirani na mji wa Iringa, tuutazame mkataba ulioandikwa na wanasheria mahiri wa zama zao, na bado ahadi yake ikachelewa zaidi ya miaka thelathini.

Mtwa Mkwawa alifariki Julai 1898, miaka minne baada ya Wajerumani kuibomoa ngome yake ya Kalenga. Kichwa chake kilikatwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, suala hilo liliingizwa katika Mkataba wa Versailles uliosainiwa tarehe 28 Juni 1919. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Mkataba ulianza kutumika Januari 1920. Fuvu lilikabidhiwa Kalenga Juni 1954, Gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu.

Kosa lilikuwa wapi? Muda wa utekelezaji ulitajwa, tena kwa miezi. Lakini kifungu hakikueleza fuvu lipo wapi, litatambuliwaje, nani atathibitisha, wala nini kitafuata miezi sita ikipita. Ujerumani ilipojibu kwamba haina habari za fuvu hilo, hapakuwa na orodha ya kuisuta. Hatimaye Twining mwenyewe alikwenda katika jumba la makumbusho la Bremen, akachagua moja miongoni mwa mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo vyake na vya ndugu wa Mkwawa. Hadi leo wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo. Na lililo kubwa zaidi: Wahehe, wenye msiba, hawakuwamo mezani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimeyakumbuka haya nilipoteuliwa kuingia katika kamati ya kupitia rasimu ya mkataba wa huduma za TEHAMA wa taasisi moja ya umma hapa Mbeya. Mtoa huduma angesimamia seva, mtandao, mfumo wa matokeo ya wanafunzi na nakala rudufu za taarifa zote, kwa malipo ya kila mwezi, kwa miaka mitano. Rasimu ilikuja kwa Kiingereza, tukapewa siku mbili. Tuliambiwa mwaka wa fedha unafungwa Juni 30 na fedha zisipotumika zitarudi.

Sina budi kukiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita, mahali pengine, niliwahi kusaini muhtasari wa kamati kama hiyo bila kuisoma rasimu mpaka mwisho. Mkataba ulipokwisha, mtoa huduma aliondoka na nywila za mfumo. Wahitimu walisubiri hati za matokeo kwa miezi. Kijana mmoja alikuja ofisini kwangu mara tatu. Nafasi ya kazi aliyoitiwa ilikwenda kwa mwingine. Sikuwa na kifungu cha kumwonyesha, wala uso wa kumtazama.

Kwa hiyo safari hii nilisoma kila ukurasa. Nilikuta kwamba huduma zingetolewa "kwa kiwango cha kuridhisha". Nani aridhike, haikusemwa. Malipo yangeendelea hata mfumo ukizimika. Mkataba ungejihuisha wenyewe tusipotoa taarifa mapema. Taarifa zingerejeshwa mwishoni "ndani ya muda unaofaa", bila kutaja muundo wake wala mahali zinapohifadhiwa. Nikaiona Kalenga.

Kuhusu kulipia kisichotumika, taifa hili lina kumbukumbu yake. Mkataba wa IPTL wa mwaka 1995 uliifunga TANESCO kulipia uwezo wa mitambo ya megawati 100 kwa miaka 20, hata pale umeme wake usipohitajika.

Wengine watasema mtaalamu wa nje hakwepeki. Nakubali, na hapa Mbeya ushahidi wake unapita relini. Makubaliano ya kujenga TAZARA yalisainiwa Beijing Septemba 1967. Ujenzi ulianza 1970 na reli ikakabidhiwa 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mkopo haukuwa na riba. Mafundi wetu walijifunza kazi bega kwa bega na Wachina, na vijana wengine walipelekwa China kusomea reli. Huo ni utegemezi uliopangiwa mwisho wake. Hata hivyo, vichwa vya treni vilivyokuja na mradi vilielemewa na mwinuko kati ya Mlimba na Makambako, ikabidi baadaye vifungwe injini nyingine. Kifaa kizuri kwa aliyekiunda si lazima kiuweze mlima wetu. Kwa hiyo tuliongeza sharti kwamba mfumo ujaribiwe kwanza katika kituo chetu cha nje ya mji, ambako umeme hukatika, kabla ya malipo ya awali.

Mtumishi wa umma anayesoma makala hii anaweza kuuliza mambo haya kabla ya kushika kalamu. Huduma inapimwa kwa saa na asilimia zipi, na anayepima ni nani? Ikikatika, malipo yanapungua kiasi gani? Taarifa ni mali ya nani, zinakaa wapi, na je, matakwa ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamezingatiwa? Nywila zinakabidhiwa lini, kwa nani, kwa orodha ipi? Watumishi wetu wangapi watakuwa wameweza kazi hiyo mwaka wa tano? Na mwanafunzi, au karani wa masijala atakayeutumia mfumo, ameulizwa?

Tuliirudisha rasimu ikiwa na marekebisho kumi na manne. Juni 30 imepita bila saini, na matokeo ya muhula huu yanaandaliwa kwa mkono. Wenzangu wawili hawanisalimii. Gharama hiyo ni halisi, nami siidharau. Lakini matokeo yaliyo kwenye karatasi yako kabatini mwetu, na funguo tunazo.