Imani Iliyopoa na Uamsho wa Gahini

Katika kitabu hiki cha Yubile mmekwisha kusoma habari nyingi za furaha, makanisa yaliyojengwa, mabati yaliyoezekwa, hesabu ya waliobatizwa na waliopata kipaimara. Hayo ni mema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini sisi makatekista tumepewa kuandika habari ya jambo lisilohesabika kama mabati, yaani jinsi imani ya watu iwezavyo kuchoka hali majengo yake yangali mapya, na jinsi ilivyoamshwa zamani katika nchi hizi za Maziwa Makuu.

Injili si mgeni wa juzi kwetu. Mackay, yule fundi na mwalimu wa Buganda, alifukuzwa huko akaja kukaa Usambiro, upande wa kusini wa Ziwa, akafa hapo mwezi wa Februari 1890. Mwaka uliofuata Mapadre Weupe walijenga misioni yao Ushirombo. Nasa, penye Ziwa, palianzwa na C.M.S., na mwaka wa 1909 pakakabidhiwa kwa misioni ya African Inland. Siku zile mtu aliyetaka ubatizo alifundishwa muda mrefu, akaulizwa, akapimwa, na ndugu zake wakamcheka. Jambo lililopatikana kwa taabu namna hiyo halisahauliki upesi. Lakini mjukuu wake huzaliwa na jina la Kikristo limemngoja, kama vile ng'ombe wa urithi wamngojavyo. Hakuna aliyemwuliza neno. Hapo ndipo uchovu uanzapo, wala si kwa ubaya wa mtu.

Kanisa la Uganda lilipatwa na ugonjwa huo mapema kuliko sisi. Wajumbe wa C.M.S. waliingia Buganda mwaka wa 1877. Kabla ya miaka kumi kutimia vijana waliuawa kwa ajili ya imani. Kumbe, baada ya miaka hamsini, kanisa lile la wafia dini lilikuwa kanisa la machifu na makarani, na ubatizo ukawa kama kanzu safi ya kwendea barazani. Watu waliimba vizuri, wakatoa sadaka, kisha wakarudi kwenye pombe, uganga na wake wa siri, na wachungaji wengi walinyamaza.

Mwaka wa 1929 watu wawili waliochoka kwa hali hiyo walikutana katika kilima cha Namirembe. Mmoja alikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye elimu, aliyekuwa katika kazi ya afya ya Serikali, naye alizoea kuwauliza watu habari za roho zao bila kuona haya. Wa pili alikuwa daktari Mwingereza, Joe Church, wa hospitali ya Gahini katika Rwanda. Daktari huyu alikuwa amefika Gahini mwaka mmoja tu kabla, akakutana na njaa kubwa, akafanya kazi mpaka nguvu zikamwishia, akaja Kampala kupumzika. Wakakaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Twapenda kuwakumbusha walimu jambo hili: haukuwa mkutano mkubwa, wala hapakuwa na kamati. Walikuwa watu wawili waliokiri kwamba wana kiu, Mwafrika na Mzungu, na katika siku zile za ukoloni hilo peke yake lilikuwa jambo geni.

Daktari aliporudi Gahini hakukuta amani, alikuta ugomvi. Wafanya kazi wa hospitali walikuwa na manung'uniko, na mkubwa wao, Yosiya Kinuka, aliwapinga wale wenye bidii ya dini. Mwaka wa 1931 Kinuka akaenda Kampala kumwona Nsibambi. Nsibambi hakumbembeleza, bali alimwonyesha kwamba ubaya wa hospitali umeanza moyoni mwake mwenyewe. Katika safari ya kurudi Kinuka alishindwa, akajitoa kwa Kristo, naye alipofika Gahini aliungama mbele ya wenziwe. Mwishoni mwa mwaka wa 1933 palikuwa na mkutano wa maombi Gahini. Mtu mmoja akasimama akaungama dhambi zake waziwazi, akafuatwa na mwingine, na mwingine, saa zikapita.

Mwalimu wa shule ya Gahini alikuwa Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, naye alikuwa shemasi. Katika mwaka wa 1935 alijifungia katika nyumba yake siku kadhaa, akifunga na kuomba, kwa kuwa alijiona afundisha maneno ambayo yeye mwenyewe hana nguvu yake. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Mwezi wa Januari 1936 akaenda Kampala kwa Sinodi ya Kanisa la Uganda, amechukua maswali matatu. Sababu ya ubaridi na kufa kwa kanisa ni nini? Mbona watu wajulikanao kuwa wanaishi katika dhambi huachwa waje Mezani pa Bwana? Tena, itupasa kufanya nini ili kanisa lipate uzima mpya? Neno lake kuu lilikuwa “Zukuka”, ndiyo kusema, Amka. Lakini homa ilimshika, akafa tarehe 25 Januari, kabla hajayasema maswali yake katika baraza lile.

Basi kifo chake kikafanya kazi ambayo huenda maneno yake yasingaliifanya. Mwaka wa 1937 Kanisa la Uganda lilitimiza miaka sitini, na Askofu Stuart akataka Yubile ile iwe mwaka wa kuhubiri toba, si wa ngoma na karamu tu. Moto ukatoka Rwanda na Kigezi ukafika Kenya, ukashuka Buhaya na Bugufi, ukaingia Tanganyika yetu mpaka Dodoma, ambako Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa mwalimu, na ambako Yohana Omari, aliyewekwa kuwa askofu mwaka wa 1955, wa kwanza katika Waafrika wa Kanisa la Anglikana Tanganyika, alikuwa mmoja wa ndugu wa Uamsho.

Alama za ndugu hao zilikuwa mbili. Ya kwanza, mtu aliyeokoka alirudisha mali ya watu. Aliyeiba kitambaa cha hospitali alikirudisha, na aliyemdanganya bwana wake katika hesabu alikwenda kumwambia. Ya pili, hawakutoka kanisani. Mwaka wa 1941 wanafunzi ishirini na sita walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, kwa sababu ya maombi yao ya alfajiri yaliyokatazwa na ukali wao juu ya dhambi. Wangaliweza kujenga kanisa lao pembeni, na wengi katika Afrika wamefanya hivyo kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Wao wakakaa. Sisi twaona kwamba kukaa huko ndiko kulikoliponya kanisa, ingawa twakubali kwamba wakubwa wao nao walikuwa na haki ya kuchoka na vijana wanaowahukumu wazee hadharani.

Uamsho wenyewe nao ulizeeka. Ni lazima tuseme hivyo, maana hii ni historia. Katika Kenya, miaka ya vita vya Mau Mau, ndugu wengi walikataa kiapo, tena wakakataa bunduki ya Serikali, wakafa. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka wa 1948, alikuwa Askofu Mkuu alipouawa katika Februari 1977 chini ya Idi Amin. Lakini Rwanda, kule moto ulikoanzia, mwaka wa 1994 watu mamia ya maelfu waliuawa na jirani zao, wengine ndani ya makanisa, na katika wauaji walikuwako waliobatizwa. Wako ndugu waliokataa kutengwa kwa kabila wakafa pamoja. Hao hawakutosha. Kuungama kwa mdomo kulikuwa kumekwisha kuwa desturi, na desturi haimzuii mtu mwenye panga.

Barabara iendayo Rwanda yapita mlangoni petu Kagongwa. Malori hulala hapa, mashine za mpunga hulia hapa, na vijana hupita kwenda machimbo ya Geita na Bulyanhulu, wakirudi na fedha au bila fedha. Salamu ya ndugu wa Uamsho, “Bwana asifiwe”, husemwa leo na kila mtu, hata na mnunuzi wa mpunga anayemjazia mkulima gunia la lumbesa na kumlipa bei ya gunia moja. Mkulima huyo na mnunuzi huyo hupiga magoti katika safu moja Jumapili. Jambo hili halihitaji mchawi wala Mzungu kutueleza.

Kwa sababu hiyo, katika maandalio ya Yubile hii, maswali matatu ya Kigozi yaliletwa mbele ya wazee wa kanisa wa mtaa wetu. La kwanza na la tatu yalijibiwa upesi, kwa maneno mazuri. La pili lilileta ubishi. Wengine walisema katekista hana kazi penye mizani, na kwamba lumbesa ni mambo ya Serikali. Wengine wakauliza, kama mizani haiko mbele ya Mungu, Kinuka aliungama nini? Sisi tu upande wa hao wa pili, nao ni wachache. Wazee wamekubali kulirudia swali hilo kabla ya mavuno, mpunga ungali shambani.