Msikiti na Chuo cha Riyadha, Lamu

Chuo hiki kilianza na darasa dogo la Habib Swaleh bin Alwy Jamalilail, sharifu aliyetoka Ngazija. Aliwafungulia elimu watu ambao zamani zile hawakupewa nafasi katika madarasa ya mjini: watumwa, watoto wao na wageni maskini. Karibu mwaka 1900 msikiti ulijengwa hapa mtaa wa Langoni, kwa kufuata mfano wa msikiti wa Riyadha wa Seiyun, Hadhramaut.

Maulidi yaliyotungwa na al-Habshi, mwanachuoni wa Seiyun, yasomwayo hapa kwa matari, yaliwavuta watu wengi. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935. Kizazi chake kikaendeleza kazi. Wanafunzi wamekuja kutoka kote Afrika Mashariki, na maktaba imehifadhi miswada ya Kiarabu. Elimu isiyobagua ndiyo iliyokikuza chuo hiki.