Misuli Midogo ya Unyayo

Mtu atokaye mjini Eldoret akashika njia ya Ziwa hufika Chepkoilel, palipo leo Chuo Kikuu cha Eldoret, baada ya mwendo wa kilomita 9 hivi. Wakimbiaji hufanya mazoezi huko, nao huvaa viatu vya soli nene. Babu zao walizikimbia nyanda hizi bila kiatu. Tofauti hiyo, ewe msomaji, ina historia yake, nayo yahusu kiungo tukisahaucho: misuli midogo iliyomo ndani ya unyayo.

Mwezi wa Julai 1954 wakimbiaji wawili wa Kenya waliingia uwanja wa White City, London, kushindana na Waingereza. Lazaro Chepkwony, Mnandi, alikimbia maili 6 miguu mitupu. Aliwahangaisha wenzake kwa kubadili mwendo, mara kasi, mara taratibu. Lakini aliumia akatoka kabla ya mwisho. Kesho yake Nyandika Maiyoro, Mkisii, naye pekupeku, alikuwa wa 3 katika maili 3, nyuma ya Freddie Green na Chris Chataway waliovunja rekodi ya dunia siku hiyo. Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Uhabeshi alishinda marathoni ya Roma bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16.

Wako wasemao, kwa habari hizo, kwamba kiatu ndicho adui. Mimi sikubali. Chepkwony alikuwa peku, akaumia. Bikila alivaa viatu huko Tokyo mwaka 1964, akashinda tena. Neno lenyewe ni kazi. Kila mguu, kuanzia kifundoni hata vidoleni, una mifupa 26, na chini yake misuli midogo imepangwa kwa tabaka 4. Misuli hiyo huushika upinde wa unyayo usibonyee kupita kiasi mguu utuapo, kisha huukaza mguu usukumapo ardhi. Ikilegea, mzigo huziangukia kano na mifupa. Ndipo kisigino huuma, au mfupa hupata ufa. Mcheza ngoma arukaye na kutua usiku kucha yumo katika hatari ile ile.

Atembeaye peku huifanyisha misuli hiyo kazi kila hatua. Kiatu kigumu huipumzisha. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walitangaza vipimo vya vijana wa Bonde la Ufa: waliokulia peku, wakikimbia, wengi walitanguliza sehemu ya mbele ya unyayo, si kisigino.

Je, ninyi mliozoea viatu tangu utotoni mmekwisha kuchelewa? La. Huko Brazil wakimbiaji 118 waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafundishwa mazoezi ya unyayo. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: katika mwaka mmoja, wasiofundishwa walikuwa na hatari ya kuumia mara 2.42 ya wenzao.

Zoezi moja ni rahisi, ingawa mara ya kwanza mguu hukataa kutii. Keti kitini, unyayo mtupu sakafuni. Vuta shina la kidole gumba kuelekea kisigino, upinde uinuke, wala vidole visikunjamane. Hesabu hadi 5, kisha legeza. Ukiweza ukiwa umeketi, jaribu ukisimama, halafu kwa mguu mmoja. Usitazamie faida wiki ijayo: kwa wale wa Brazil tofauti ilionekana baada ya miezi 4 hadi 8.