Jasho la Fidia: Nani Kalipwa?

Mtu akipasuliwa ili viganja vyake viache kutoka jasho, mara nyingi jasho huzuka mgongoni, tumboni na mapajani. Madaktari huliita kwa neno ambalo tafsiri yake ya haraka ni "jasho la fidia". Kikamusi halina kosa, ila Manzese, Dar es Salaam, linapotosha. Kandokando ya Barabara ya Morogoro fidia inajulikana: nyumba imepigwa alama ya X nyekundu, mthamini keshapita, mwenye nyumba anasubiri hundi. Fidia ni haki ya aliyepoteza. Sasa huyu anayebadilisha shati kabla ya adhuhuri amelipwa nini, na nani?

Tuanze na maradhi yenyewe. Jasho hili la viganja halingoji jua. Hutiririka hata penye kiyoyozi. Mchukulie fundi simu wa Manzese: kibanio kinateleza, kioo kinaloa kabla ya gundi kushika, mteja anapokea simu yake kwa ncha za vidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, mtu wa viganja hivi ndiye aliyefuta kidole kwenye suruali, akaweka, mashine ikakataa, akafuta tena, huku foleni ikiguna nyuma yake.

Katika upasuaji wenyewe, daktari hupitisha kamera nyembamba kati ya mbavu, chini ya kwapa, kisha hukata au kubana kwa klipu mnyororo wa neva unaoshuka pande mbili za uti wa mgongo, mara nyingi usawa wa ubavu wa tatu au wa nne. Wazo si jipya: daktari aitwaye Kotzareff alikata neva hizi kwa ajili ya jasho la usoni mwaka 1920. Viganja huweza kukauka mgonjwa akiwa bado usingizini.

Nasema "neva" kwa makusudi. "Mshipa" ni wa damu, tena ni ngiri. Mwanamume akisema ana mshipa, watu huinamisha macho. Na kuuita "wa fahamu" hapa ni kichekesho, maana neva hizi huendesha jasho, mapigo ya moyo na mboni ya jicho pasipo kukuomba ruhusa.

Kwa nini basi mgongo uloe? Ubongo hupima joto la mwili na kutuma amri kwenye tezi za jasho. Mnyororo ukikatwa, inadhaniwa kwamba taarifa zinazorudi ubongoni hubadilika, na amri huzidi kwa sehemu ambazo neva zake ni nzima. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hupendelea kuliita jasho la refleksi. Halafu hesabu yenyewe hailingani: kiganja ni kidogo, mgongo ni mpana, na Februari ya Dar es Salaam haina huruma.

Mtu wa kawaida atakwambia tu, "limehamia mgongoni." Ningechukua hapo: jasho la kuhamia. Mwanafiziolojia atalalamika kwamba hakuna tone lililohama, na yuko sahihi. Lakini kasoro hiyo ni afadhali kuliko kumwahidi mtu fidia kwenye fomu anayotia saini.

"Kupona" nako kuna mtego. Kidonda cha kwapani hufunga ndani ya wiki chache, na ndugu husema mgonjwa amepona. Neva, kwa upande wake, huota. Neva ya mkono iliyokatwa huota takriban milimita 1 kwa siku ikipata njia, lakini mnyororo huu hauna ratiba ya kumpa mtu. Kwa wengine unyevu wa viganja hurudi kidogo baada ya miezi au miaka. Kwa wengine haurudi kabisa. La mgongoni laweza kupungua, laweza kubaki maisha yote. Kutoa klipu nako hakuhakikishi chochote. Wapo pia wanaotoka jasho usoni wakila tu, supu ikiwa na pilipili ndiyo kabisa.

Kwa hiyo fundi wetu aliyepasuliwa hushika kibanio vizuri, viganja vikavu hadi apake mafuta visipasuke. Lakini kwenye basi la mwendokasi huchagua kusimama, maana akiegemea kiti ataacha ramani. Ana fulana ya akiba begini. Ukimwuliza kama amepona, atakuuliza wapi.

Kabla ya kisu kuna dawa ya kupaka yenye alumini kloridi, beseni la maji lililopitishwa umeme mdogo, vidonge vya oksibutinini na sindano za botulinamu. Hizo zikigoma huacha njia ya kurudi. Neva iliyokatwa haina uhakika huo.