Chujio Lisilooshwa ni Mzigo

Leo tuzungumzie chujio.

Mama wa Masuguru, mkoani Tanga katika nchi ya Handeni na Korogwe, hahitaji mtaalamu wa kumweleza maana ya kuchuja. Handeni ni kukavu. Mto Pangani unapita Korogwe, na mradi wa HTM ulijengwa ili kuyachota maji yake kijijini Tabora na kuyasukuma hadi Handeni. Bomba lisipofika, au lisipotoa, ndoo huenda lamboni, na kipande cha kanga hufungwa mdomoni mwa ndoo. Kanga huzuia majani na tope, lakini vijidudu hupita. Ikishajaa tope hukataa kupitisha maji; hapo mama huigeuza, akaisuuza.

Kumbukeni huko kuigeuza, maana historia yote ya chujio imo humo.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, Ujerumani. Altona, mji jirani uliokunywa maji ya mto ule ule wa Elbe, ulinusurika kwa sehemu kubwa. Altona walipitisha maji yao kwenye vitanda vya mchanga. Hamburg walikuwa bado. Hata hivyo mchanga nao huziba, na lazima tabaka la juu likwanguliwe.

Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya Wajerumani, daktari Willem Kolff alitumia utando wa selofeni, ule wa kutengenezea soseji, kuchuja damu ya wagonjwa wa figo. Miaka ya 1960 wataalamu wa kampuni ya Dow, Marekani, wakatengeneza nyuzi nyembamba zenye tundu katikati, mfano wa makaroni. Zikaingia katika mashine za figo, na baadaye nyuzi za aina hiyo zikaingia katika machujio ya maji ya kunywa.

Kenya zilifika kwa wingi mwaka 2011. Kampuni ya Vestergaard Frandsen iligawa bure machujio ya LifeStraw karibu 900,000 katika uliokuwa Mkoa wa Magharibi. Matundu ya nyuzi zake ni mikroni 0.02, ilhali bakteria wengi hufika mikroni moja hivi, kwa hiyo hukwama. Umeme hautakiwi, maji hushuka kwa uzito wake. Uchafu ulionasa hutolewa kwa kubinya mpira unaoyarudisha maji kinyumenyume, kisha kufungua koki nyekundu. Ni ile ile kanga iliyogeuzwa!

Lakini watafiti wa kujitegemea walipotembelea baadhi ya vijiji miaka miwili hadi mitatu baadaye, walikuta takriban kaya moja tu kati ya tano bado inachuja. Zawadi ilifika, mazoea hayakukaa.

Ndugu zangu, kuhara kwa mtoto hakujali chujio lililotundikwa ukutani. Siku mgeni atakapoleta nyuzi hizi kijijini kwenu, pokeeni kwa shukrani, kisha mulizeni mkutanoni: nani ataziosha, kila baada ya siku ngapi, na zikichakaa, nyingine zitapatikana duka gani? Akikosa majibu, msimwache aondoke kabla hayajapatikana.