Uhuru wa Pili Mjini Albertville, 1964: Malalamiko ya Umma na Maneno Yake

1. Utangulizi

Maasi ya mwaka 1964 mashariki mwa Kongo yamezoea kuelezwa kwa njia mbili: ama kuwa ni vita vya makabila, ama kuwa ni mchezo wa mataifa ya kigeni. Maelezo yote mawili yana sehemu ya ukweli. Hata hivyo yanaficha jambo la msingi, yaani kwamba maasi hayo yalianza kama malalamiko ya watu wa kawaida dhidi ya viongozi waliowachagua wenyewe. Mji wa Albertville, ambao leo unaitwa Kalemie, unalidhihirisha jambo hilo, na maneno yaliyotumiwa wakati ule ni ushahidi wake mmojawapo.

2. Matunda yaliyoliwa na wachache

Albertville ulikuwa mji wa bandari, wa reli iendayo Kabalo na wa kiwanda cha nguo. Mwaka 1962 ukawa makao makuu ya jimbo la Katanga ya Kaskazini. Jimbo hilo lilitokana na mapambano ya chama cha Balubakat, chini ya Jason Sendwe, dhidi ya Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe tarehe 11 Julai 1960. Vijana wa chama walipigana na askari wa Tshombe vijijini, wengi wakafa, hadi utengano ulipokoma mwezi wa Januari 1963.

Baada ya ushindi, vijana hao hawakupata kazi. Waliopata vyeo ni wanasiasa. Tayari Bunge la kwanza la mwaka 1960 lilikuwa limejiongezea malipo kutoka faranka 100,000 hadi 500,000. Kisha, kati ya 1962 na 1963, majimbo 6 ya nchi yaligawanywa yakawa 21, na kila jimbo likataka mawaziri wake, magari yake na nyumba zake, ilhali walimu na makarani walingoja mishahara isiyofika. Mwezi wa Septemba 1963 Rais Kasavubu alilifunga Bunge, na mlango wa kulalamika kwa njia ya sheria ukafungwa pamoja nalo.

Ndani ya Balubakat kwenyewe kulikuwa na mfarakano kati ya wafuasi wa Sendwe na wale wa Prosper Mwamba Ilunga. Tena, Waholoholo na Watabwa wa pwani ya ziwa waliwaona Waluba waliotoka bara kuwa ndio walioshika serikali. Kwa hiyo hasira ya tumbo na hasira ya ukoo zilikaa chungu kimoja, wala haikuwa rahisi kuzitenganisha.

3. Mei hadi Agosti 1964

Mwishoni mwa Mei 1964 vijana wa mji waliasi, wakamkamata Sendwe. Jeshi likamkomboa siku chache baadaye. Tarehe 19 Juni mji ulianguka tena, na safari hii Sendwe aliuawa. Mtu aliyewahi kuwa sauti ya vijana hao dhidi ya Tshombe alikufa akihesabiwa miongoni mwa wanyonyaji. Ndipo Gaston Soumialot, aliyetumwa na Baraza la Taifa la Ukombozi na kuanzia kazi yake Bujumbura, akafanya Albertville kuwa makao yake. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Laurent-Désiré Kabila.

Maneno ya wakati huo yanastahili kuangaliwa. Wapiganaji walijiita Simba. Waliapishwa kwa dawa, wakaenda vitani wakiita “Mai Mulele”, kwa jina la Pierre Mulele aliyekuwa akipigana mbali, huko Kwilu. Adui aliitwa PNP. Hicho kilikuwa kifupi cha chama kilichoungwa mkono na utawala wa Wabelgiji kabla ya uhuru, na watani walikifasiri kwa Kilingala kuwa “pene pene na mundele”, yaani karibu na mzungu. Jina la chama likageuka jina la kila aliyedhaniwa kununuliwa: karani, mwalimu, mfanyabiashara. Wengi waliuawa kwa neno hilo tu. Lengo lenyewe liliitwa uhuru wa pili, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa umeliwa na wachache.

4. Mikono ya nje

Wageni hawakukosekana. Ubalozi wa China mjini Bujumbura uliwasaidia waasi. Marekani na Ubelgiji zilisaidia serikali ya Léopoldville. Lakini Tshombe yule yule alifanywa waziri mkuu mwezi wa Julai 1964, naye akaleta askari wa kukodiwa chini ya Mike Hoare. Albertville ilitwaliwa tena na jeshi mwishoni mwa Agosti. Che Guevara alipovuka ziwa kutoka Kigoma, Aprili 1965, mji ulikuwa umekwisha kupotea miezi minane.

5. Hitimisho

Ugeni na ukabila viliyakuza maasi na kuyapotosha, lakini havikuyazaa. Kilichoyazaa ni ahadi iliyovunjwa. Aidha, neno lililokusudiwa kuwataja wala rushwa lilipopanuka bila mpaka, lilimfikia mwalimu asiye na mshahara sawasawa na waziri, na malalamiko ya haki yakapoteza haki yake. Mtafiti wa Kiswahili cha Kongo anayo hapa kazi isiyo ndogo: kufuata jinsi neno linavyotoka katika utani, likawa tuhuma, na mwishowe likawa hukumu.