Kuzihukumu Picha za Gari Moshi Usukumani

Wapenzi wa reli wakutanapo kulinganisha picha zao, kanuni yao haibadiliki sana: jua lipige uso na ubavu wa injini, vyuma viungavyo magurudumu viwe vimeshuka chini, moshi upande bila ya kuyafunika mabehewa, wala mtu au mti usikingame mbele. Picha itimizayo hayo husifiwa, nami sikatai ya kwamba macho hufurahi. Lakini kwa mwanahistoria kanuni hiyo ina hila ndani yake.

Tutazame njia ya Tabora hata Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ipitayo Shinyanga. Nchi hiyo i karibu na Ikweta, na adhuhuri jua hukaribia utosi, magurudumu yakabaki gizani. Basi mpiga picha atakaye sifa hungojea asubuhi au jioni. Gari lipitalo mchana, hata likiwa limesheheni marobota ya pamba, hupita zake. Mwenye kukusanya picha nzuri peke yake atadhani magari ya Usukuma yalisafiri saa mbili asubuhi tu.

Tena kabla ya uzuri yafaa tuulize ukweli. Akija mtu na picha iliyoandikwa kwamba ni gari la Wajerumani huko Shinyanga, aikataliwe: Wajerumani waliifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bali ya Shinyanga ni kazi ya Waingereza baada ya vita. Ikiandikwa stesheni ya Geita, tuikatae upesi zaidi. Dhahabu ilichimbwa huko tangu miaka ya 1930, lakini reli hii haikufika. Injini za Garratt za daraja la 59, zilizopewa majina ya milima, zilifanya kazi hasa baina ya Mombasa na Nairobi. Daraja la 30, kinyume chake, lilifuatwa na gari kubwa la maji kwa sababu ya ukavu wa Tanganyika. Moja lao, Nyaturu, limehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. (Upana wa njia hautusaidii kitu, maana kote ulikuwa mita moja.)

Picha niithaminiyo mimi ni ile ambayo waamuzi huitupa: injini ndogo pembeni, na nusu nzima ni nchi tupu. Utupu huo una historia. Katika miaka ya 1920 na 1930 watu wa Shinyanga walifyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o, katika kampeni iliyoongozwa na Swynnerton; kisha ng'ombe na pamba vikaenea, ardhi ikachakaa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, na ngitili, yale malisho yaliyotengwa kwa desturi ya Wasukuma, yakaanza kurudisha miti. Picha mbili za mahali pamoja, moja ya kabla ya mwaka huo na moja ya baadaye, zatuonyesha badiliko hilo kwa macho. Lakini mpenzi wa reli huchukua mkasi, akaikata kando ya picha ili injini ijae, na kichaka chetu kikaenda jaani.

Mwaka 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya ya Mwanza hata Isaka, na wapiga picha wamekwisha kuianza. Kama ningeketi miongoni mwa waamuzi, cheo cha kwanza ningempa yule aliyerudi nyuma hatua ishirini kabla ya kupiga.